Dawa ya Mzee Stesheni Hainywewi Peke Yake

Wewe uliyewahi kukaa na baba mkwe chini ya bati moja, sogeza kiti, maana wengine hawatanielewa. Baba mkwe hakemewi. Haharakishwi. Haambiwi "kunywa hiki umalize". Ukikutana naye mlangoni unarudi nyuma apite, hata kama ni mlango wa chumba chako. Sasa mkwe huyohuyo ndiye niliyekabidhiwa nimnenepeshe.

Humu ndani, mbali na masikio yake, tunamwita Mzee Stesheni. Alistaafu akiwa mkuu wa stesheni ya reli, na mpaka leo chai ya jioni ikichelewa anataka maelezo ya maandishi. Alikuja kwetu Tabata baada ya nimonia kumlaza hospitali. Kupona alipona, ila suruali zake zilibaki na nafasi ya mtu wa pili.

Kliniki, afisa lishe akampandisha kwenye mizani: kilo 54. Kabla ya kuugua alikuwa na 62. Urefu ndio ulileta mgogoro, kwa sababu mgongo umepinda na mzee hakubali kwamba umepinda. Yule binti hakubishana naye. Alipima mfupa wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, akatazama jedwali, akapata mita 1.70. Kipimo cha hatari ya utapiamlo alichotumia kinaitwa MUST, kilitolewa Uingereza mwaka 2003 na chama chao cha lishe tiba, BAPEN. Kinajumlisha pointi: uwiano wa uzito na urefu, uzito uliopotea bila mtu kukusudia ndani ya miezi mitatu hadi sita, na ugonjwa mkali wa kumfanya mtu asile zaidi ya siku tano. Uwiano wa mzee ulikuwa 18.7, uko kati ya 18.5 na 20, basi pointi 1. Kilo nane kati ya 62 zimevuka asilimia 10, basi pointi 2. Jumla 3, na kuanzia 2 unahesabiwa uko kwenye hatari kubwa ya utapiamlo.

Mzee aliposikia ana pointi tatu aliuliza wapinzani wana ngapi.

Ushauri ukawa chakula kiongezwe nguvu, na katikati ya milo apate vile vinywaji vya lishe vya watu wazima. Kichupa cha mililita 200 kinabeba takribani kilokalori 300, pamoja na protini, vitamini na madini. Kinanywewa taratibu, kikiwa baridi kwa anayependa, na si dakika kumi kabla ya wali, kwa sababu kitaua hamu ya wali na utakuwa umehamisha chakula kutoka sahani kwenda chupa. Nikauliza bei dukani. Nikauliza tena, nikidhani muuzaji ametaja ya katoni.

Mke wangu tunamwita CAG, na si utani. Risiti ya nyanya kwake ni waraka wa ukaguzi. Akaamua hakuna kununua chupa nyingi mpaka ijulikane baba yake anapenda ladha ipi. Jukumu likaenda kwa binti yetu wa kidato cha tatu, Daktari Bingwa, ambaye tangu aanze baiolojia hatuli samaki kabla hajatuonyesha matamvua. Yeye ana ruhusa ambayo mimi sina. Ni mjukuu, babu anamwita mchumba, na mchumba anaweza kusema "babu acha ukaidi" na dunia isipasuke.

Akapanga vikombe vitatu vilivyofunikwa, vanila, stroberi na chokoleti, kila kimoja na namba ya tarakimu tatu ili mwonjaji asijue kilichomo wala asidhani "A" ndiyo bora. Maji ya kusukutua kati ya kikombe na kikombe. Halafu ngazi tisa za kujibu, kutoka "sikipendi kabisa" hadi "nakipenda mno", utaratibu uliobuniwa na wataalamu wa chakula wa jeshi la Marekani katika karne iliyopita, walipotaka kujua askari wanakionaje wanachopewa. Askari wale bila shaka walisema ukweli. Sisi tulikuwa na shemeji yangu, Nusu Mkate, ambaye hajulikani alikuja lini wala anaondoka lini. Alijipa uonjaji bila kuombwa, akatoa tisa kwa vikombe vyote, na tisa nyingine kwa maji ya kusukutua. Mzee Stesheni akakataa namba kabisa. Vanila: "Imeingia." Stroberi: "Imechelewa." Chokoleti: "Imepinduka, ina majeruhi."

Vanila basi. Lakini kuonja funda moja si sawa na kunywa kitu hichohicho asubuhi na jioni, wiki hadi wiki. Ulimi huchoka, na kinywaji kilichoshinda Jumapili kinachukiwa kufikia Ijumaa. Ndiyo maana wanaopima vinywaji hivi kwa dhati hawaishii kwenye kuonja. Hupima pia kilichobaki chupani. Daktari Bingwa akaazima jagi langu lenye mistari, kila jioni anakusanya vichupa na kupima masazo. Matokeo yalikuwa ya kujivunia: sifuri, sifuri, sifuri. Mzee anamaliza yote! Nilitembea mtaani kifua mbele.

CAG hakufurahi. Alitazama daftari, akatazama mizani, akasema maneno ambayo ningependa yachongwe mahali: "Chupa zinaisha, baba haongezeki. Kuna mtu ananenepa humu." Sote tukamgeukia Nusu Mkate, ambaye alikuwa anafuta mdomo.

Kumbe shemeji alikuwa na sehemu ndogo tu ya hatia. Mhalifu mkuu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Wazee wenzake wa bao wanakuja kumjulia hali kila alasiri, na Mzee Stesheni hajawahi katika maisha yake kunywa kitu mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Alikuwa anawafungulia vichupa kama soda za harusi, yeye anabaki na maji. Mmoja wao, mwenye sukari, aliuliza kama ipo ya ladha ya embe. Ikabidi CAG amtafutie maji ya kunywa kwa upole, na kumweleza asiguse vitu hivi kabla ya kuongea na daktari wake.

Sasa ungefanya nini? Umwambie baba mkwe awe mchoyo?

Mama mkwe, Bi Mkubwa, alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua macho akasema, "Mpikieni uji wa kutosha na wageni wake, mtie kimea." Uji mzito wa mahindi hauteremki koo la mgonjwa, na ukiuongeza maji ukateremka, unampa maji. Lakini ulezi ulioloweshwa, ukachipuzwa, ukakaushwa na kusagwa una vimeng'enya vinavyokata wanga. Ukikoroga kijiko chake kwenye uji mzito uliopoa kidogo, dakika chache tu unalegea wenyewe, unga ukiwa uleule. Kisha unauchemsha tena. Taasisi ya Chakula na Lishe ilijaribu jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wadogo, ambao tumbo lao halina nafasi ya maji mengi. Hamu ya mzee aliyetoka kuugua nayo haina nafasi. Kwenye uji huo tukaongeza maziwa ya unga na siagi ya karanga. Kuchambua karanga kumekuwa kazi yangu rasmi, moja baada ya nyingine, iliyooza au kusinyaa inatupwa kwa hofu ya sumukuvu.

Nilianika ulezi wangu juu ya bati. Mama mdogo wa mke wangu, Redio Mbao, aliuona akiwa getini, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba kwa akina fulani wameanza kupika mbege. Na ni kweli mbege ya Kilimanjaro hutumia kimea cha ulezi, hivyo utetezi wangu ulisikika kama wa mtuhumiwa mzoefu. Mjumbe alikuja kutazama. Akapewa kikombe cha uji. Akaomba cha pili kwa ajili ya uchunguzi zaidi.

Huo ukawa utaratibu. Saa kumi chupa kubwa ya chai inatoka ikiwa imejaa uji, wazee wanazunguka bao, wenye ruhusa wanamiminiwa, na Mzee Stesheni, akiwa mwenyeji, anaanza na anamaliza, kwa sababu mwenyeji hawezi kuacha kikombe nusu wageni wakitazama. Kichupa cha vanila anakunywa asubuhi, kabla hawajafika, chini ya ulinzi wa mchumba wake. Mizani imesogea hadi kilo 57. Ya Nusu Mkate nayo imesogea, ila huyo hatumwandiki daftarini.

Jana mzee aliniita, akanikalisha, akasema wachezaji wa mtaa wa pili nao watakuja kumjulia hali, hivyo tuangalie suala la vikombe. Nikaitikia "Sawa, baba." CAG ameshaidhinisha vikombe dazeni moja, kutoka fungu la nauli yangu.