Nani Ananuka Humu?

Ukitaka kujua watu wanakufikiriaje, wapakie kwenye gari lenye AC inayonuka, pandisha vioo, halafu nyamaza. Hakuna atakayeuliza kama gari lina hitilafu. Kila mmoja atamtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, kisha wote kwa pamoja watakugeukia wewe dereva, maana gari ni lako na soksi ni zako.

Gari langu ni mtumba wa Japani, kama yalivyo magari mengi ya Dar es Salaam. Lilishuka bandarini na viti visivyo na doa, redio isiyoshika zaidi ya nusu ya stesheni zetu, na AC ya kumfanya mtu aulizie sweta mwezi wa Februari. Baridi ipo mpaka leo. Ila masika yalipoingia, AC ikapata tabia mpya: ukiiwasha asubuhi, kabla haijapoza chochote, inashusha kwanza pumzi moja nzito ya ukungu na unyevu, moja kwa moja puani. Baada ya dakika chache uvundo unapungua. Hapo ndipo balaa lilipolala, kwa sababu abiria aliyepanda njiani hakuamini kwamba AC inanuka, na aliyepanda nami nyumbani hakuamini kwamba si mimi.

Kwetu harufu hutafutiwa mshukiwa kabla ya kutafutiwa chanzo. Kesi ikaanzia nyumbani. "Baba Asha, viatu vyako vya mpira umeviacha wapi?" Vikakutwa kwenye buti, vikahukumiwa bila kusikilizwa, vikahamishiwa uani. Kesho yake uvundo ukawahi kazini kabla yangu. Akafuata jirani ninayempa lifti kutoka Tabata, ambaye kila Jumatano hupanda akiwa ametoka mazoezini na jezi yake imelowa. Akaanza kujipulizia manukato kabla ya kufungua mlango, masikini, na mimi sikumkataza.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Mwanza na kiroba cha dagaa. Mtu hamtuhumu mama mkwe wake. Alichoweza kufanya mke wangu ni kushusha kioo na kuusifia upepo wa Dar, upepo ambao siku hiyo haukuwapo. Lakini mama mwenyewe alikuwa ameshainusa ile pumzi ya AC, naye akatoa uchunguzi wake: gari lina husuda ya watu. Siku ya pili akaomba chetezo na udi, akalifukiza gari milango imefungwa mpaka mlinzi wa nyumba ya pili akaja na ndoo ya maji. Udi ulikuwa mzuri sana, hilo nakiri. Tatizo ni kwamba haukuufukuza uvundo, ulikaa nao pamoja, na kwa siku kadhaa tukawa tunasafiri ndani ya harusi iliyonyeshewa mvua.

Baada ya udi zikaja pafyumu. Pale kwenye foleni ya Mwenge vijana huuza vikadi vyenye umbo la msonobari vya kuning'iniza kwenye kioo cha kati. Kadi ya namna hiyo ilibuniwa na mkemia Julius Sämann huko Watertown, jimbo la New York, mwaka 1952, na inasimuliwa kwamba alitaka kumsaidia dereva wa lori la maziwa aliyelalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Angalia jambo hilo: dereva anamwaga maziwa, dunia inamtengenezea manukato, na hakuna aliyemwambia afunike chombo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mficha uvundo humuumbua masika.

Tukaenda kwa fundi. Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Aliweka mkono kwenye tundu la hewa, akatikisa kichwa, akasema, "Bosi, gesi hii." Kwa mafundi wengi wa AC, gesi ndiyo mshukiwa wa kudumu. Lakini gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa. Ikivuja, kinachopotea ni baridi, na baridi yangu ilikuwa inaumiza magoti. Gesi nayo ikaachiwa huru kwa kukosekana ushahidi.

Fundi wa pili alikuwa mzee mtaratibu chini ya mwembe. Hakunusa kitu. Aliniambia niwashe AC, akachuchumaa, akachungulia chini ya gari. "Maji yako wapi?" akauliza. Sakafu ilikuwa kavu. "Basi yako ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa kinachofanyika nyuma ya dashibodi. Willis Carrier alipobuni kiyoyozi chake mwaka 1902, hakuwa anahangaikia joto la mtu yeyote. Kiwanda kimoja cha uchapaji cha Brooklyn kilikuwa kinasumbuliwa na unyevu: karatasi zinatanuka, rangi hazikai sawa. AC tangu kuzaliwa kwake ni mashine ya kukamua maji hewani, na hewa ya Dar ina maji ya kukamua. Hewa ikipita kwenye evapureta, unyevu wake hugeuka matone ya maji juu ya mapezi yake ya baridi, kisha maji hayo hushuka kwenye mpira mwembamba na kudondoka barabarani. Mpira ukiziba, maji hubaki humo gizani pamoja na vumbi, injini ikizimwa joto linarudi, na fangasi hawana cha kudai zaidi.

Mzee akashusha boksi la dashibodi, akachomoa filta. Vielelezo vya kesi vikawekwa hadharani: majani ya mwarobaini, unyoya wa kunguru, na filta yenyewe, nyeusi tii, pembeni ina maandishi ya Kijapani. Yaani ilikuja na gari, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuisalimia. Kisha akaupuliza mpira kwa kompresa ya matairi. Maji ya kahawia yakabubujika kwa nguvu hata jirani mmoja akaja mbio akipiga kelele, "Rejeta imepasuka!"

Akapulizia evapureta povu la kusafishia, akaweka filta mpya, akanipa na dawa: ukikaribia kufika zima AC, acha feni peke yake ipulize dakika chache, mapezi yakauke. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na AC ya kiwandani, Packard la mwaka 1940, halikuwa na anasa hiyo. Kuisimamisha kompresa yake ilibidi ushuke, ufungue boneti, uuvue mkanda. Sisi tuna kitufe karibu na kidole, tunakisahau, halafu tunalaumu viatu.

Siku hizi gari linatoa hewa isiyo na harufu yoyote, na hilo limeleta matatizo yake. Zamani uvundo wa AC ulitusitiri sote. Sasa kila harufu ina mwenyewe. Jirani yangu wa Tabata, kwa mfano, imebainika kwamba alishukiwa kwa haki.

Na juzi mama mkwe amekuja tena. Nilimpokea stendi, nikampa shikamoo, nikapakia kiroba chake cha dagaa nyuma, nikapandisha vioo na kuwasha AC. Hatujafika mbali, gari zima lilikuwa Ziwa Victoria. Mama akanusa, akanusa tena, akanigeukia kwa huruma.

"Mwanangu, ile AC bado hamjaitengeneza?"

"Bado, mama," nikajibu. "Wiki ijayo naipeleka kwa fundi."