Muulize Mjomba: Mtoe Mbabe, Mwache Mnyonge

Nina bata kinda, wenzake wanamdonoa na kumfukuza kwenye chakula, na kipupwe ndiyo hiki kimeingia. Nimtenge? Ni mimi, Mwenye Huruma, Njombe.

Sikiliza, mpwa wangu. Umefanya la maana kuniandikia mimi, maana washauri magazetini wako wengi, na baadhi yao ni watu wema sana, ila wema haujawahi kumkausha bata. Nakushukuru pia kwa kuwa mfupi wa maneno. Wasomaji wengine hunimalizia nafasi kwa kunieleza shida zao, wakati kila mtu anajua kwamba gazeti hili hununuliwa ili nisomwe mimi. Jibu lako nalitoa hapa hapa, mwenye haraka aondoke nalo, mwenye akili abaki aone ninavyolitetea: usimtoe anayeonewa, mtoe anayeonea. Jirani zako wote watakuambia kinyume chake. Watakuambia umweke mnyonge kwenye boksi jikoni, umlishe kwa mkono, umhurumie mpaka apone. Ushauri huo una sura nzuri kuliko matokeo yake. Ndiyo maana wao wamebaki kuwa jirani, na mimi nimepewa safu.

Tuanze na baridi, kwa kuwa hoja zangu huwa nazipanga. Njombe mjini mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku wenu si wa mchezo. Huko Makete kuna asubuhi ambazo sakitu hutanda juu ya majani kama chumvi. Mwili wa bata hutaka kukaa kwenye nyuzi 41 hivi za Selsiasi, awe Njombe au Tanga, na kinachomwezesha ni hewa kavu iliyonaswa katikati ya manyoya. Bata mkubwa amekamilika kwa hilo, kinda bado. Bata wengi humaliza kuota manyoya yao ya ukubwani kati ya wiki ya saba na ya tisa, na hawa wetu wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni, ambao hawalii kwa makelele bali hufoka kwa pumzi, huchelewa zaidi. Asili yao ni Amerika ya joto, na manyoya yao hayazuii maji vizuri kama ya bata wengine. Sasa kinda wa namna hiyo hujisitiri kwa nini usiku? Kwa miili ya wenzake. Katika kundi la bata kumi, mbabe huwa mmoja au wawili. Waliobaki hawana neno na kinda, wakilala humpa joto la ubavu bila hata kufikiria. Ukimpeleka peke yake kwenye boksi, umemwepusha na mdomo mmoja unaomdonoa, na papo hapo umemnyang'anya mbavu kadhaa za kumkanza. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza, lakini ilimngoja Mjomba aiandike.

Najua kuna atakayesema: basi afumiwe sweta. Kwa kipaji nilicho nacho ningekuchorea sweta lenye kola na mifuko miwili, na sina shaka lingeanzisha fasheni kutoka Makambako hadi Ludewa. Elimu yangu ndiyo inayokizuia kipaji changu. Sweta hulaza manyoya na kuitoa ile hewa tuliyoisifia. Hunywa maji kutoka kwenye beseni na kuyatunza kifuani. Tena humzuia bata kufikisha mdomo juu ya mkia, ambako ndiko iliko tezi yake ya mafuta. Hapo sasa ndipo penye kiini cha shida yako, ambacho wewe hukukiuliza na mimi nimekiona. Bata hunawa kwanza, kisha hubonyeza tezi hiyo kwa mdomo, halafu hujipaka unyoya kwa unyoya, akinyoosha shingo na kuinua bawa, kazi ya taratibu isiyotaka bughudha. Anayeonewa hapewi nafasi hiyo. Kila akiinamisha kichwa majini, anadonolewa kisogoni. Manyoya yasiyotunzwa hulowa, yaliyolowa hayashiki hewa, aliyepoteza hewa hutetemeka, anayetetemeka hachangamkii chakula, na aliyedhoofika ndiye anayedonolewa zaidi. Ukitaka ushahidi, mdondoshee matone mawili ya maji kifuani. Yakibiringika na kuanguka, bado ana koti. Yakizama na kuacha doa jeusi, hana koti hata ukimwona ana manyoya. Usimpime kwa kumshika miguu, maana miguu ya bata huwa ya baridi hata akiwa na afya njema: mishipa inayoshusha damu ya moto hupita ubavuni mwa ile inayopandisha damu ya baridi, joto likarudishwa mwilini kabla halijapotelea kwenye matope. Maarifa haya nakupa bure.

Hoja ya pili ni ya cheo. Mwaka 1921 Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kwamba kuku wana ngazi ya utawala: huyu humdonoa yule, yule humdonoa wa tatu, na kila mmoja anajua wa kumpisha. Bwana huyo alizaliwa mwaka 1894, yaani alinitangulia kwa bahati ya kalenda tu. Tungezaliwa siku moja, sijui kama jina lake lingevuka mipaka ya Norwe. Hata hivyo, nampa haki yake. Bata nao wana ngazi zao, na ngazi hiyo inakaa katika kumbukumbu ya kundi. Kila mmoja anamjua mwenzake na anakumbuka nani alishinda mara ya mwisho, ndiyo maana kundi lililozoeana halipigani kutwa. Ukimwondoa kinda wiki mbili, kumbukumbu yake inafifia na nafasi yake inazibwa. Siku ukimrudisha, amenenepa kidogo, amezoea joto la jikoni, anapokelewa kama mtu ambaye hajawahi kufika. Wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao hawakuwa na shahada. Sasa igeuze sheria hiyo hiyo impate mbabe. Mtoe yeye siku kadhaa: wadogo watakula, watanawa, watapaka mafuta, watapangana upya, na atakaporudi atakuwa yeye ndiye mgeni, analazimika kuomba njia kwa wale aliokuwa akiwakimbiza. Mara nyingi hiyo inatosha kumshusha mabega.

Hapa wapinzani wangu huinua mikono, na mimi huwaruhusu kwa kuwa natoka hodari zaidi wakibisha. Wa kwanza anasema: mbabe naye si ataumwa na baridi huko nje? Mbabe, bwana, ni bata mzima mwenye manyoya kamili na mafuta chini ya ngozi, aliyopata kwa kula posho ya mwenzake. Mpe pahali pakavu pasipopigwa na upepo, maji na chakula, na mlango usiofunguliwa na kicheche. Kinda hawezi kuvumilia kulala peke yake, mbabe anaweza. Wa pili anasema: ukimtoa mbabe huyu, atazuka mwingine. Kweli, wakati mwingine huzuka, na hapo ujue kwamba mbabe halisi ni banda. Chombo kimoja cha chakula kikiwekwa pembeni, bata mmoja anaweza kukilinda kutwa. Viwili vikiwekwa mbali mbali, hawezi kuwa kila mahali. Egesha ubao ukutani ili kinda apate pa kujificha machoni, lakini hakikisha unapitika pande zote mbili, maana maficho yenye mlango mmoja ni mtego. Wa tatu, ambaye naona ana akili kidogo, anauliza: je, akiwa na jeraha? Hapo natoa ruhusa, kwa sababu damu huwaita bata wote wadonoe, hata wale wapole. Mwenye jeraha atengwe, ila kwa wavu wa kuku ndani ya banda lile lile, awaone na wamwone, na apewe mwenzake mpole mmoja wa kulala naye. Nafasi yake katika kumbukumbu ya kundi inabaki, na ubavu mmoja wa moto anao. Huo si ushindi wa jirani zako. Ni hoja yangu ile ile, imekatiwa kipimo cha mgonjwa.

Kuhusu kurekebisha tabia, nina mapendekezo ambayo wizara haijanifuatilia, kwa hasara yake. La kwanza ni semina elekezi ya siku tatu kwa bata wote, yenye chai, soda na posho ya kujikimu, na mbabe akabidhiwe uenyekiti ili awe na cha kupoteza. La pili ni kumteua kinda kuwa mjumbe wa nyumba kumi, tuone nani atamdonoa anayeshika mhuri. La tatu, ambalo nalipenda kwa dhati, ni kukata picha yangu iliyo juu ya safu hii na kuibandika bandani kwenye usawa wa macho ya bata. Uso huu una mamlaka. Ibandike ubavu wa kushoto kidogo, ndiko ninakotokea vizuri. Ubaya wa mapendekezo haya matatu ni mmoja: yote yanachukulia kwamba mbabe ana tabia mbaya. Ushahidi hauko upande huo. Bata waliobanana, wenye maji machache na madume wengi, hudonoana. Hao hao wakipewa nafasi, hupungua makali. Hata unyonge wa kinda wako huenda haukuanzia moyoni. Mwangalie anavyotembea. Bata huhitaji niasini, ile vitamini ya kundi B, kuliko kuku, na wengi wanaolishwa chakula cha vifaranga vya kuku bila nyongeza hupata miguu dhaifu, wakachechemea, na anayechechemea hufika wa mwisho kwenye chombo. Mashudu ya alizeti, karanga zilizosagwa na dagaa hurekebisha hilo vizuri kuliko mhuri wa mjumbe.

Limebaki pingamizi moja zito, la mwenye kusema: Mjomba, mabishano yote ya nini? Washa jiko la mkaa bandani, joto litawapatanisha. Hapo naweka utani kando kwa sentensi nne. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua bata na mwenye bata. Ukiacha tundu la kuipitisha, joto nalo linapita. Zaidi ya hapo, jiko likikaa sehemu moja, huwa ni chombo kingine cha kulindwa: mbabe atakaa mbele yake, kinda atabaki kwenye kona ya ukungu. Joto linalogawanyika sawasawa ni la sakafu kavu, na ninyi wa Njombe, wenye misonobari na mashine za mbao kila upande, hamna kisingizio cha kukosa maranda. Yatandaze yafike unene wa kiganja, uyageuze au kuyaongeza kila yanapolowa, kwa sababu bata hunyunyiza maji kila anapokunywa na kinyesi chake ni chepesi. Yakiachwa hutoa ile harufu inayowasha macho. Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vyao, chini pazibwe. Kwa usiku mkali, dumu la maji ya moto lililozungushiwa gunia linatosha, na weka mawili, kwa sababu ile ile ya vyombo viwili.

Naona nafasi imeniishia kabla ya sifa zangu, basi sikiliza upesi. Kesho asubuhi mtoe mbabe, mweke mbali na macho yao, siku nne au tano. Vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, vyenye kina cha kuzamisha pua ili wasafishe macho na matundu ya pua. Maji ya kuoga yawe ya asubuhi, penye jua, yasiwe ya jioni, na asiyepita mtihani wa matone asioge kabisa mpaka apite. Punje za mahindi kidogo kabla ya kulala, zimsaidie kuvuka usiku. Jeraha lenye usaha, au bata asiyetaka kusimama, ni la daktari wa mifugo, usiniandikie. Mbabe mrudishe jioni giza likiingia, wakiwa wametulia, na kukicha uwepo uangalie. Akirudia, mtoe tena. Mwisho, hesabu madume: mmoja kwa majike wanne hadi sita, na dume wa kienyeji anaweza kufikia uzito wa majike wawili, kwa hiyo akimpanda kinda usione ni mchezo. Dume aliyezidi hesabu hahitaji semina wala picha yangu. Kwa baridi hiyo ya Njombe, huyo ni supu, tia tangawizi.