Sifa za Mzee wa Chumba cha Nyuma

Seva kuukuu isifiwe, kwanza kwa kutolala. Mzee huyu hukaa chumba cha nyuma cha ofisi, feni ikikoroma, CentOS 7 kichwani, na kioo kikionyesha siku 1,000 tangu azimwe. Vijana wa TEHAMA huwaonyesha wageni namba hiyo kama cheti cha ndoa. Wazee wa enzi ya Linux 2.4, kwenye kompyuta za biti 32, waliwazidi wote: walipofika siku 497 hesabu yao ilirudi sifuri. Nani mwingine amezeeka hivyo akaanza utoto upya?

Asifiwe pia kwa busara. Aprili 2014, ufa wa Heartbleed ulipofichuliwa, seva zilizojivunia OpenSSL 1.0.1 zilikutwa zikimwaga siri kwa yeyote aliyejua namna ya kuziomba. Waliobaki na 0.9.8 hawakuvuja hata tone, kwa sababu kasoro yenyewe haikuwahi kuwafikia. Machi 2024 mlango wa siri ukagunduliwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, matoleo mabichi kabisa. Debian thabiti, yenye toleo la nyuma, ilipona. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Na ni mwaminifu. Programu ya mishahara iliandikwa kwa PHP 5.4 aliyokuja nayo, ikizungumza na hifadhidata kwa maagizo ya mysql_. PHP 7 iliyafuta maagizo hayo. Mtu akitaja kupandisha toleo, mhasibu humtazama kama mwizi.

Ila ile namba ya siku 1,000 ina tafsiri yake. Kwa kawaida, kiraka cha kiini cha Linux hakishiki mpaka mashine iwashwe upya. Cheti kile basi ni orodha ya viraka visivyoshika kwa karibu miaka mitatu. Wala uzee si kinga: Shellshock, iliyofichuliwa Septemba 2014, ilikuwa imejificha ndani ya Bash tangu 1989. Na CentOS 7 yenyewe iliacha kupewa viraka na mradi wake tarehe 30 Juni 2024.

Anayempenda mzee huyu achukue nakala rudufu, ajaribu kuirejesha, asimike mfumo mpya kwenye mashine ya pembeni, arekebishe programu na kuendesha mishahara ya mwezi mzima huko. Majibu yakilingana, ahamishe. Asichague tu tarehe 28.