Sifa za Pini Inayoelea

Wapo wanaosifu wafalme, wapo wanaosifu mapenzi. Mimi naisifu pini ya maikrokontrola pale umeme unapoingia na programu bado haijaamka. Mafundi tumeitukana mno. Tunaiita pini inayoelea, utadhani ni mlevi.

Tuitendee haki. Chipu ya ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno, ikiwaka upya huziacha wazi pini zake za kuingiza na kutoa: hazisukumi volti 5, hazivuti kwenda graundi. Adabu hiyo wangapi tunayo? Mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti husimama mlangoni, hakimbilii meza kuu. Iguse kwa ncha ya mita, inasoma volti moja na ushee; sogeza kidole, inasoma nyingine. Unasema inadanganya. Wala! Haijaambiwa neno, na anayesemea pale ni kidole chako.

Tena ni karimu. Iunganishe na geti la transista bila rezista, taa itapepesa bila hata mstari mmoja wa programu. Rezista ya kiloomu 10 kwenda graundi huizima tafrija hiyo yote, ndiyo maana wachoyo huiweka.

Ndugu zake wa chipu ya ESP8266 wana makeke zaidi. Pini ya 0 na ya 2 zisipokuwa juu, na ya 15 isipokuwa chini, programu yako haianzi ng'o. Na hata ikianza, pini ya 1 hukutangulia kwa maneno yake yenyewe, kwa kasi ya biti 74880 kwa sekunde. Namba ya ajabu, lakini ina ukoo: chipu hudhani kristali ni ya megahezi 40, kumbe bodini ipo ya 26, basi kasi iliyokusudiwa ya 115200 hupungua kwa kipimo hichohicho.

Sasa niungame. Nyumbani nina pampu ya maji, inayowashwa na pini ya namna hii kupitia rilei. Kila umeme uliporudi usiku, rilei ililia "ta!", pampu ikanguruma sekunde 2, kisha kimya. Wiki nzima niliilaani pini. Rilei yangu ni ya zile zinazowaka pini ikishuka chini. Nilipoisoma programu upya, mstari wa kwanza uliitangaza pini kuwa ya kutoa, na kwa chipu ya ATmega328P pini ikitangazwa hivyo tu, huanzia chini. Mstari wa pili ulingoja sekunde 2 ili sensa ya tangi itulie. Wa tatu ndio uliopandisha pini juu. Kumbe muda wote pini ilipokuwa ikielea, rilei ililala fofofo. Aliyeiamsha ni mimi, kwa amri.

Nimeuhamisha mstari wa tatu ukawa wa kwanza. Tangu hapo umeme umekatika mara nne, na pampu haijakohoa.