Baiskeli Yako Ina Tatizo, Kaka

Kati ya Kimara na Magomeni hakuna fundi baiskeli asiye na maoni kuhusu baiskeli yangu, na maoni yao ni mamoja: inaumwa. Hawangoji waulizwe. Nikisimama tu kivulini kuvuta pumzi, mmoja atanyanyuka kwenye kigoda chake, atainua gurudumu la nyuma, atalizungusha, ataona pedali nazo zinazunguka, kisha ataniangalia kwa huruma.

"Kaka, friwili imekufa."

Haijafa. Haimo. Baiskeli ya kawaida ina friwili kwenye gia ya nyuma, ndiyo inayokuruhusu kutuliza miguu huku gurudumu likijiendea na kulia tiki tiki tiki. Kwangu gia imekazwa moja kwa moja kwenye habu. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu iliyo juu yake haina kura. Ukitaka kupunguza mwendo unazikazia pedali zisiende. Ukitaka kupumzika unashuka.

Si uzushi wangu. Tour de France ya kwanza, mwaka 1903, ilikimbiwa kwa baiskeli za namna hii, na mashine za kubadilisha gia hazikuruhusiwa kwenye mashindano hayo hadi 1937. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, ambaye mwaka 1893 aliweka rekodi ya kuendesha kwa saa moja pale Paris kwa kilomita 35.325, alishikilia kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45. Nina mjomba wa aina hiyo. Mpaka leo anaamini rimoti ya televisheni inalea uvivu. Wajapani nao tangu 1948 wana mbio za keirin, ambazo watu huzichezea kamari halali, na baiskeli zake hazina gia ya kubadilisha wala breki hata moja. Baadaye matarishi wa New York wakazipenda kwa sababu hazina vitu vingi vya kuharibika, kisha vijana wa mjini wakazipenda kwa sababu matarishi wanazipenda, na mwaka 2008 Brooklyn ikaanzisha mashindano yake ya usiku, Red Hook Criterium. Kutoka Brooklyn ugonjwa ukapitia kwenye simu ya binamu yangu ukanifikia mimi Kimara.

Fremu haikunisumbua. Nilipata ya chuma, ya baiskeli ya zamani ya mashindano, iliyoshuka na kontena la mitumba. Kitu cha kuangalia ni pale ekseli ya nyuma inapoingia: ule mwanya uwe umelala, uweze kulivuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo ukaze. Shida ilikuwa habu. Kariakoo niliingia duka hadi duka nikieleza kwamba natafuta gurudumu ambalo pedali zake hazipumziki. Wengi walinionyesha baiskeli za gia 21, wakidhani nimechoka na umaskini. Muuzaji mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwamba kaelewa, akaingia stoo na kutoka na baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu. Na kusema kweli hakukosea.

Ikabidi niende Manzese kwa fundi wa kuchomelea, na friwili mpya mkononi, bado iko kwenye nailoni yake.

"Hii ni mbovu?" akauliza.

"Nzima. Nimeinunua leo."

"Sasa nichomelee wapi?"

"Hapo kwenye mwanya, izibe. Isizunguke tena."

Akavua miwani yake ya kazi. Akaijaribu friwili kwa kidole, ikalia tiki tiki vizuri tu. "Bosi, nikiichomelea hii inakufa. Grisi ya ndani inaungua, vijino vinashikana, hairudi tena."

"Ndiyo. Nataka ife."

Hakunijibu. Alimwita mwenzake wa kibanda cha pili, mwenzake akamwita muuza kahawa, na kabla sijajua nimezungukwa na baraza la wazee. Muuza kahawa akashauri waniulize kwanza nyumbani kama kuna amani. Mwingine akasema huenda ni kazi ya maonyesho, watu wa sanaa wana mambo yao. Mwishowe fundi akakubali kwa masharti: nilipe kabla, na nitamke mbele ya wote kwamba nimeagiza mwenyewe kwa hiari yangu na akili zangu timamu. Nikatamka. Kwenye ndoa yangu sikuulizwa maswali mengi kiasi hicho.

Ile friwili iliyouawa ilifanya kazi vizuri kwa muda wote ambao sikuhitaji kusimama. Siri ni hii: gia ya nyuma hufungwa kwa kuzungushwa upande uleule wa kwenda mbele, kwa hiyo kadiri unavyokanyaga ndivyo inavyojikaza. Ukikaza miguu kwa nyuma upunguze mwendo, inaanza kufunguka. Habu za kweli za kazi hii zina pete ya pili yenye uzi wa kinyume inayoizuia gia isifunguke. Habu yangu haikuwa na pete. Nilipoikazia pedali karibu na taa za Ubungo, miguu ikarudi nyuma kwa ulaini wa ajabu, raundi moja, raundi mbili, nikiwa naelekea mbele kwa mwendo uleule. Abiria kwenye daladala walishangilia. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa, na hapo naomba vijana wanaozing'oa breki zote kwa ajili ya urembo wanisikilize: mimi nina watoto, breki ya mbele inabaki.

Breki hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha kwa askari wa barabarani aliyetaka kujua ya nyuma iko wapi. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba afande, sheria ya Uingereza inataka baiskeli iwe na breki mbili, lakini gurudumu la nyuma la namna hii linahesabiwa ni breki tosha. Afande akanisikiliza, akageuka kuitazama Barabara ya Morogoro kushoto na kulia, kama anayehakikisha, kisha akaniuliza London ni kituo cha ngapi kutoka pale.

Binamu akaja likizo na habu ya kweli ndani ya begi, imezungushiwa soksi. Nikafunga meno 48 mbele na 16 nyuma, ndiyo yaliyopatikana. Jamaa mmoja wa Massachusetts, Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliandika mengi juu ya baiskeli hizi, na kwake unaweza kujifunza balaa lililomo kwenye hesabu hiyo. 48 ukigawanya kwa 16 unapata 3 kamili. Maana yake kila ukibana pedali katika mkao uleule ili gurudumu la nyuma liteleze, tairi linasuguliwa palepale. Ukiweka meno 47 mbele, sehemu za kusuguliwa zinakuwa 16 na tairi linazeeka kwa haki. Langu lilibaki zima pande zote, na upara mmoja wa saizi ya sarafu ambao siku moja ulionyesha tyubu. Fundi aliyeliziba alisema hajawahi kuona tairi lililochukiwa sehemu moja.

Kushuka Kimara kwenda Ubungo ni habari nyingine. Kwa meno hayo, kila mzunguko wa pedali ni kama mita 6 na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, miguu inapiga karibu raundi 120 kwa dakika, na hapo si wewe unayeendesha. Magoti yanapanda na kushuka kama sindano ya cherehani, makalio yanaruka juu ya tandiko, na bodaboda anayepita pembeni ametulia kabisa, mguu mmoja kaunyoosha kupunga upepo, anakuuliza unakimbilia wapi.

Ijumaa nilikwenda msikitini nayo, na mnyororo ukashika pindo la kanzu. Kwenye baiskeli ya kawaida unaacha kukanyaga, unachomoa nguo yako, yamekwisha. Hii haikuacha. Gurudumu liliendelea kudai na mnyororo ukaendelea kula kitambaa mpaka nikaanguka kwa hiari kwenye mchanga. Niliingia msikitini na kanzu iliyofupika juu ya kifundo cha mguu. Baada ya swala mzee mmoja akanishika mkono akanisifu kwa kufuata sunna.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya wema wa fundi wetu wa mtaani. Nilimwachia baiskeli azibe pancha, nikaenda kwenye shughuli zangu. Alipoipima akaona anachokiona kila fundi, akasikitika, akaamua kunisaidia. Uzi wa habu ile, kumbe, unakubali friwili ya kawaida kabisa. Akaing'oa gia yangu, kwa taabu kubwa, kwa sababu ile pete ya kinyume ilimpinga nusu saa nzima. Akafunga friwili mpya. Akanifungia na karia, ofa.

Nilipoichukua hakusema kitu. Alitaka nigundue mwenyewe nifurahi. Njia ya kutoka kwake ni ya kupanda, nikakanyaga bila kuhisi lolote. Kule juu ikaanza kushuka kuelekea gengeni. Nikakaza miguu kupunguza mwendo kama kawaida yangu. Miguu ikazunguka nyuma, hewani, tiki tiki tiki. Kwa mshtuko nikakamata breki ya mbele kwa nguvu zote, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilitua kwenye nyanya za mama mwenye genge, mafungu yaliyokuwa yamepangwa kwa uangalifu mkubwa, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa yake: "Baba, si ungesema tu unataka ngapi?" Nililipia zote. Nyumbani tulikula rosti wiki nzima, na mke wangu hakuuliza zaidi ya mara moja kwa siku.

Niliporudi kwa fundi, alikuwa anatabasamu. "Umeionaje?"

Nikamwonyesha viwiko.

"Pole sana. Ni kwa sababu bado hujaizoea afya." Akanikabidhi gia yangu imefungwa kwenye gazeti. "Na aliyekufungia ile pete umkimbie. Kaifunga kinyume."

Kuirudisha alikataa kabisa, akasema si kazi ya fundi kurudisha ugonjwa. Nikairudisha mwenyewe usiku ule, barazani, karia nikaibakisha kwa sababu mke wangu kaipenda. Nikaiegesha ukutani bila kufuli nikaingia kunawa grisi.

Ikaibwa. Haikufika mbali. Mwizi, naona, aliipanda kama sote tulivyofundishwa utotoni: mguu wa kushoto juu ya pedali, wa kulia unasukuma chini, baiskeli ikishika mwendo unaurusha mguu juu ya tandiko. Pedali ya kushoto haikumsubiri. Ilipanda naye, ikamwachia hewani kwenye ukuta wa jirani. Sisi tulisikia kishindo, na neno moja ambalo watoto waliniuliza maana yake. Tulipotoka na tochi, baiskeli ilikuwa imelala katikati ya njia, gurudumu bado linazunguka na pedali zake, na kando yake ndala. Ni ya mguu wa kushoto, ya buluu, namba 42, kisigino kimeliwa kidogo. Nimeitundika getini. Mwenye nayo aje wakati wowote wa mchana. Asiogope, nataka tu kumuuliza kama naye anadhani friwili imekufa.