Suti Haina Cheti cha Kuzaliwa

Wiki moja kabla ya usaili, nyumba ya msailiwa hugeuka kamati ya harusi. Suti inaazimwa kwa binamu. Tai inafungwa na kaka mkubwa, na usiku inalegezwa tu na kutundikwa ilivyo, maana fundo likishafunguka nani atalirudisha? Viatu vinapigwa dawa hadi kwenye soli. Kisha bwana anasimama mbele ya kioo cha kabati na kukariri jibu la "tueleze kwa kifupi kuhusu wewe", alilolitoa kwenye kundi la WhatsApp ambako wenzake wote wanaogombea nafasi ileile nao wamelitoa. Sina ugomvi na suti, wala sipingi mtu kujisemesha kwenye kioo. Ninachosema ni kwamba bidii yote hiyo inapelekwa chumba cha ndani, na mkosi wa usaili kwa kawaida hukaa getini. Mtu huanguka kwa karatasi kabla ulimi haujapewa zamu.

Tuanze na hesabu. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania ilikuwa na nafasi 70, na waliojitokeza kwenye usaili walizidi 10,000, hata ikabidi wakusanywe Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kama wanangoja Simba na Yanga. Hapo kila kiti kimoja kina watu zaidi ya 140. Jopo gani litakaa kutafuta vipaji kwenye umati huo? Hatua ya kwanza ni kupunguza watu, na mtu anayetaka kupunguza watu hupenda sababu isiyomuumiza kichwa: cheti hakipo, kitambulisho kimesahauliwa, majina hayafanani. Wala hili si siri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia masharti yaleyale mwaka hadi mwaka: njoo na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, njoo na kitambulisho, hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa, uliyesoma nje vyeti vyako viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Mengine yameandikwa kwa herufi kubwa, ndiyo sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Na bado. Msailiwa akishapakua tangazo huruka masharti yote na kwenda moja kwa moja kwenye orodha ya majina. Akiliona lake, anapiga picha ya skrini, anaiweka stetasi, anapokea "hongera sana" za kutosha, na kusoma kunaishia hapo.

Sasa ifungue bahasha yake ya kaki. Cheti cha kuzaliwa kinamwita Mohamed Ally Hamisi. Cha kidato cha nne kinamwita Muhammad Ali. Cha shahada kimempa M. A. Khamis, labda kwa heshima ya usomi, na kitambulisho cha taifa kimeamua ni Mohamedi, ile "i" ya mwisho ikiwa sadaka ya karani aliyeandika kwa sikio. Kwa shangazi yake huyu ni mtu mmoja na anamjua tangu kitovuni. Kwa mhakiki wa vyeti ni watu wanne waliopanda gari moja. Dawa yake ipo, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, lakini hiyo ina wakili, ina ada na ina kungoja, wala haiuzwi asubuhi ya usaili kwenye steshenari ya jirani, ambako wanatoa kopi tu, tena mashine ikiwa na wino. Jirani yake kwenye foleni hana tatizo la jina. Yeye amekuja na hati ya matokeo, na anamweleza askari wa getini, kwa ufasaha ambao jopo halitaufaidi kamwe, kwamba alama ni zilezile. Ni kweli, ni zilezile. Cheti chenyewe kimelala kwenye sanduku la bibi Tandahimba.

Mtu ataniambia: hayo ya getini sawa, lakini mwisho wa yote binadamu anakaa mbele ya jopo, na pale ulimi ndio mtaji. Nakubali kuhusu ulimi, ila si huu unaofundishwa kwenye video za "majibu yatakayowashangaza wasaili". Jopo lenye utaratibu huuliza wote maswali yaleyale na kuandika alama kwa kila jibu, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba usaili wa namna hiyo hubashiri utendaji wa kazi vizuri kuliko soga ya kupimana sura. Soga ina historia mbaya. Mwaka 1979 shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas huko Houston ilishachagua wanafunzi 150 kwa kutegemea mahojiano, kisha bunge la jimbo likaiagiza iongeze 50. Ikabidi warudiwe waliokuwa wamewekwa mkiani. Walipofuatiliwa hadi baada ya masomo, makundi mawili hayo hayakuachana kwa lolote la maana. Kama maprofesa wenye uzoefu walidanganywa na mvuto wa mtu, mimi nisingeweka matumaini yangu kwenye tabasamu la kioo cha kabati.

Kinachopata alama ni jibu la swali lililoulizwa. Mtu wa ugavi anaulizwa hatua za kutangaza zabuni, naye anajibu kwamba ni mtu wa kujituma na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Au anajibu kweli, kwa kujiamini kabisa, kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, wakati ipo ya 2023 iliyochukua nafasi yake. Akiulizwa udhaifu wake anasema anapenda mno kazi. Jopo limeusikia udhaifu huo tangu saa mbili asubuhi. Ikifika saa saba wanaanza kuamini kwamba taifa hili linaangamizwa na watu wanaopenda mno kazi.

Wapo wanaosema yote haya ni kujichosha, ajira ni za kujuana. Dhana hiyo haikudondoka kutoka mbinguni, na sina nia ya kumtetea mjomba wa mtu. Lakini tufuate hoja hadi mwisho: kama mjomba anatafuta pa kumpachika mpwa wake, kila anayerudishwa getini kwa kukosa cheti amemfanyia mjomba kazi ya bure, tena amejilipia nauli mwenyewe.

Nauli, kusema kweli, ndilo pingamizi ninalolikubali. Tangazo linasema kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, na mtu asiye na kazi anatoka Bukoba au Songea hadi Dodoma, analala gesti, kwa ajili ya mtihani wa muda mfupi. Hapo hakuna maandalizi yanayosaidia. Ni juu ya mwajiri. Afadhali siku hizi usaili mwingine hufanyiwa mikoani. Hata hivyo nafuu hii nayo imekuja na mkosi wake, kwa sababu kituo hupangwa kwa kufuata makazi ambayo mtu mwenyewe ameyajaza kwenye Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi hizo mtandaoni, na wengi waliyajaza wakiwa chuoni. Mhitimu yuko kwao Mpanda, mfumo unamjua kama mkazi wa Dodoma, na unamwita Dodoma kwa nia njema kabisa. Anaweza kulalamika kwamba serikali haina huruma, lakini mfumo umeamini alichoandika. Kurekebisha makazi ni kazi ya dakika chache kwenye simu ileile aliyowekea stetasi, ilimradi vituo viwe havijapangwa. Vikishapangwa, ni kwenda kukata tiketi.