Pongezi kwa spika zinazoning'inia: barua ya wazi kwa Kamati ya Ukumbi

Mheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Uendelezaji wa Ukumbi wa Sherehe,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTUNDIKA SPIKA JUU YA MEZA KUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza kamati yako tukufu kwa hatua kubwa ya maendeleo. Kwa miaka mingi ukumbi wetu ulikuwa na spika zinazokaa chini, wageni wakizipita wakienda kunawa mikono, watoto wakizigusa. Sasa ziko hewani, nne kushoto na nne kulia, na mgeni akivuka mlango tu anajua kwamba hapa kuna hela. Mimi ni fundi mitambo. Nakodiwa na wenye sherehe, nakaa nyuma ya miksa, na kazi yangu ni kusikiliza. Tangu mzitundike, nimejikuta natazama juu zaidi kuliko ninavyosikiliza, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na uzito, maana kwenye hotuba ya uzinduzi haukutajwa. Kibandiko nyuma ya kila boksi kinasema kilo 38. Maboksi manne ni kilo 152. Ongeza fremu ya chuma na nyaya, unapata kilo 170 hivi kwa kila upande. Mtu angewajia na wazo la kufunga mifuko mitatu na ushee ya saruji darini, juu kidogo ya ndafu, mngemwita mlinzi amtoe nje. Bahati mbaya ya saruji ni kwamba haina grili nyeusi wala taa ya bluu.

Naelewa pia kwa nini mlichagua spika za namna hii, zinazopangwa safu moja kushuka chini. Mfaransa Christian Heil na kampuni yake ya L-Acoustics walipoleta V-DOSC mwaka 1992, walikuwa wanatafuta namna ya kufikisha sauti kwa watu walio mbali sana, kwenye viwanja na majumba makubwa, bila kuwapasua masikio walio mbele. Safu ilikuwa ndefu na iliinuliwa juu sana. Ukumbi wetu una dari ya mita 5, na mgeni aliye mbali kuliko wote ni yule mjomba anayekaa karibu na mlango wa jikoni kwa makusudi. Spika mbili kwenye stendi zingemfikia, zikampita, zikamfikia na mpishi. Lakini nakubali: spika ya stendi hakuna anayepiga picha nayo.

Mtunza ukumbi aliniruhusu nipande juu ya dari. Huko nikakuta mambo makubwa zaidi, ambayo wageni wananyimwa kuyaona kwa sababu ya jipsamu.

Paa letu limebebwa na kenchi za mbao za 2 kwa 4. Zilipigiwa hesabu zibebe bati na dari, pengine na fundi mmoja mwembamba anayetafuta panapovuja. Ule ubao wa chini wa kenchi kazi yake ni kuvutwa pande mbili ili kenchi isitanuke. Haukuwekwa pale ubebe mzigo katikati. Mwenye ujuzi akilazimika kutundika kitu, hutundika pale mbao zinapokutana, tena baada ya kumuuliza aliyepiga hesabu za paa. Sisi tumetundika katikati kabisa, kati ya kiungo na kiungo, kwa sababu, nilivyoambiwa, ndipo panapopendeza ukitazama kutoka jukwaani. Paa halikuulizwa. Ni paa pole, halijawahi kulalamika.

Kinachoshika ubao huo ni nondo ya milimita 8 iliyokunjwa kwa mkono ikawa ndoano, mdomo wazi. Sina ugomvi na nondo. Ni chuma cha heshima kikikaa ndani ya zege. Ila boliti ya kunyanyulia mizigo hufuliwa kipande kimoja na pete yake, pete imefungwa haina mdomo, na uzito unaoruhusiwa umepigwa chapa kwenye chuma chenyewe. Hata hiyo, ukiivuta kwa mshazari wa nyuzi 45 badala ya wima, uzito unaoruhusiwa hushuka mpaka karibu robo. Ndoano yetu haina chapa yoyote. Mweka hazina alinieleza kwamba kitu kisichoandikwa kikomo hakina kikomo, na nakiri hoja hiyo iliniacha bila jibu.

Kisha kuna kamba ya waya, iliyofungwa kwa klipu moja. Moja, na imepinduliwa. Klipu hizi zina upande wenye tandiko na upande wa chuma kilichopinda. Tandiko hukaa kwenye kamba inayobeba mzigo, chuma kilichopinda kikabana ule mkia uliobaki, na klipu huwa tatu au zaidi kadiri kamba inavyonenepa. Yetu inatafuna palepale panapobeba. Kila besi ikipiga, inatafuna kidogo zaidi, na Jumamosi zetu, mnajua wenyewe, besi haipumziki. Nati nazo ni zile za kawaida, hazina chochote cha kuzizuia zisijifungue. Huo mtikisiko tunaoulipia ndio unaozilegeza.

Sasa nije kwenye mchango wa Mwenyekiti mwenyewe, maana si haki kumpongeza fundi nikamwacha kiongozi. Siku ya majaribio ilionekana kwamba spika zinaziba bango la KARIBUNI. Mwenyekiti akaagiza kamba zifupishwe ili maboksi yapande. Zikafupishwa. Kila upande unashikwa na kamba mbili, moja kwenye kenchi hii na nyingine kwenye kenchi ile, na kamba hizo zilizokuwa zimesimama sasa zimelala karibu sambamba na dari.

Hesabu yake si ngumu. Kamba mbili zikisimama wima, kila moja inabeba nusu ya mzigo, kilo 85. Zikitanuka mpaka kila moja ifanye nyuzi 30 na usawa wa dari, kila moja inavutwa kwa mzigo wote, kilo 170. Zikilala mpaka nyuzi 10, kama zilivyo zetu, kila moja inavutwa kwa kilo 490 hivi. Mheshimiwa, kwa agizo moja la mdomo, bila kuongeza hata boksi moja, umeuzidisha mvuto wa kila kamba karibu mara sita. Na mvuto huo hauelekei chini. Sehemu kubwa yake inazivuta zile kenchi mbili zikaribiane, jambo ambalo hakuna seremala aliyelifikiria. Mwenye shaka amtafute mwanafunzi yeyote wa fizikia aliyefika kwenye somo la nguvu na pembe, amchoree pembetatu. Bango linasomeka vizuri sana.

Nilipoligusa suala la usalama, mjumbe mmoja alinionyesha kwa fahari cheni ya pili, ya akiba. Ipo kweli. Inaning'inia ikiwa na ulegevu wa mita nzima, kwa kuwa ikikazwa inaharibu mandhari. Kilo 170 zikianguka mita moja kisha zikasimamishwa ghafla ndani ya sentimita 5, cheni inapokea mvuto wa wastani wa mara 21 ya uzito huo, zaidi ya tani tatu na nusu. Ndiyo maana cheni ya akiba hufungwa fupi, isiwe na nafasi ya kuchapuka, na hufungwa mahali pengine pa jengo. Yetu imefungwa kwenye ubao uleule. Ubao ukikatika, cheni itaandamana nao chini kwa uaminifu mkubwa.

Watengenezaji wengi wa vifaa vya kutundikia huacha akiba ya mara tano: kinachoruhusiwa kubeba kilo 170 kisivunjike kabla ya kilo 850. Mzigo ukiwa juu ya vichwa vya watu, wengi katika fani hii hutaka mara kumi. Sisi pengo hilo tumelijaza kwa kauli ya "Mungu mkubwa". Sina ubishi na kauli hiyo. Nimeona tu kwamba kwenye vinywaji kamati haimwachii Mungu. Inahesabu kreti moja moja, na kreti ikipungua kikao kinaitishwa usiku huohuo.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wenzetu wa nje, wenye majukwaa makubwa. Ni kweli, kule yametokea. Tarehe 13 Agosti 1990, huko Brooklyn, upepo uliangusha mitambo ya taa ikamwangukia mwanamuziki Curtis Mayfield jukwaani. Alipooza kuanzia shingoni, na hakupiga gitaa tena mpaka alipofariki mwaka 1999. Tarehe 16 Juni 2012, huko Toronto, paa la jukwaa liliporomoka kabla ya onyesho la Radiohead, likamuua Scott Johnson, fundi wa ngoma wa bendi hiyo. Kesi ilisitishwa mwaka 2017 kwa kuwa ilikuwa imekawia mno mahakamani. Naomba hilo la mwisho lisimtie moyo mjumbe yeyote.

Mtasema pia kwamba hao walikuwa nje, na ukumbi wetu una feni tu. Basi twende ndani. Tarehe 28 Julai 2022, kwenye ukumbi wa Hong Kong Coliseum, skrini iliyotundikwa ilianguka katikati ya onyesho la kundi la Mirror, na mcheza dansi mmoja akaumia vibaya shingoni. Uchunguzi ulikuta kamba ya waya ya ubora hafifu, na uzito uliokuwa umeandikwa kwenye karatasi ulikuwa mdogo kuliko ule uliokuwa hewani. Hapo ndipo mlipowazidi, waheshimiwa. Wao walikuwa na karatasi ya uongo. Sisi hatuna karatasi.

Maana nimeiomba. Nimeomba hesabu ya paa, stakabadhi ya kamba, jina la mhandisi, saini ya mtu yeyote yule. Nilipewa daftari la vyombo. Daftari hilo ni zuri mno: linaonyesha vijiko vilivyopotea tangu ukumbi ufunguliwe, nani alivichukua, na nani alilipishwa. Kwa kijiko kuna saini mbili. Kwa kilo 170 zinazoning'inia juu ya wakwe, hakuna hata moja.

Msije mkaniambia ni yule kijana wa kuchomelea. Huyo aliitwa kutoka kwenye mageti yake, akaonyeshwa darini, akaambiwa "weka hapa", akapewa nauli na chakula. Mageti yake ni mazuri. Langu mwenyewe alilitengeneza yeye. Geti likilegea hubana mlango. Hakuwahi kuulizwa kama amewahi kutundika kitu ambacho watu wanacheza chini yake, na asingeweza kuwakatalia watu wenye tai. Aliyechagua spika ni kamati, aliyechagua mahali ni kamati, aliyefupisha kamba ni Mwenyekiti. Kijana alichagua nondo, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo.

Sheria nayo ipo, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, anafahamika. Mtajitetea kwamba hapa ni mahali pa sherehe. Kwa bibi harusi, ndiyo. Kwa wahudumu, mpishi, mpiga picha, MC na mimi, hapa ni kazini, na wale mabinti wanaopanga viti asubuhi hupita chini ya spika hizo mara nyingi kuliko mgeni yeyote.

Baada ya pongezi hizo, nina maombi madogo. Zishusheni kabla ya Jumamosi. Zikae chini, kwenye sakafu ya zege, zimefungwa mikanda zisipinduke. Sauti itafika mpaka jikoni, nawahakikishia. Mkitaka lazima ziwe juu, mwiteni mhandisi aliyesajiliwa apande nilikopanda mimi, aseme kama paa hili linaweza, na kama haliwezi aseme chuma gani kiongezwe. Nunueni vifaa vyenye chapa ya uzito. Mwandikeni kwa jina mtu wa kuvikagua, na siku za kuvikagua, kwenye daftari lenye heshima sawa na lile la vijiko. Na bango la KARIBUNI lisogezwe. Ni kitambaa na misumari minne.

Gharama najua zitajadiliwa. Nimeambiwa fungu la ukumbi limeishia kwenye taa za bluu. Basi fanyeni kwa awamu: awamu ya kwanza ni kuzishusha, na hiyo nitaifanya bure. Chenibloku ninayo, ina chapa.

Kama kamati itaamua zibaki zilivyo, naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu liwe na jina kamili na saini ya mjumbe mmoja anayesema, "Mimi nimekagua, zitakaa." Sihitaji muhuri. Mjumbe huyo nitamwombea kwa wenye sherehe kiti cha heshima kila Jumamosi, meza kuu, upande wa kushoto, na soda mbili.

Wenu mtiifu,
Fundi mitambo
(nyuma ya miksa, mita 12 kutoka spika, nimepima)

Nakala: Wazazi wa bwana na bibi harusi wa Jumamosi ijayo, kwa taarifa na kwa kupanga viti.